Sindano za presha: jibu langu kwa walioniuliza inboksi

Wiki hii watu watatu hapa Voi wameniuliza swali moja: "Pasta, zile sindano za Kichina za presha, Mkristo anaweza kuchomwa?"

Wengi mnaogopa mapepo. Ni kweli tiba hiyo, akupancha, ilianzia China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na walimu wake husema kuna nguvu iitwayo chi inayopita mwilini. Hiyo chi mimi siiamini. Lakini sindano ni chuma tu. Isaya aliagiza Hezekia awekewe tini kwenye jipu, na hakuna aliyemwita mganga.

Swali langu ni lingine: je, inashusha presha? Ujerumani, mwaka 2007, walitoa matokeo ya wagonjwa 160. Kwa wiki sita za kuchomwa presha ilishuka kidogo. Baada ya miezi mitatu ilikuwa imerudi pale pale. Marekani, mwaka mmoja kabla, waliochomwa za kweli na waliochomwa za kuigiza hawakutofautiana. Kwa hiyo ukitoa pesa ya unga kila wiki kupanda matatu hadi Mombasa, jua unanunua nini.

Kinachoninyima usingizi ni vidonge vinavyoachwa. Mnakumbuka Loliondo, 2011? Babu alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kikombe shilingi 500 za Tanzania, magari yakapanga foleni kwenda Samunge, ya Wakenya yakiwemo. Wako waliotupa dawa zao. Na sisi watumishi tusijifanye wasafi, kuna madhabahu zinazomwambia mama wa miaka 60 kwamba kidonge ni kukosa imani! Presha haiumi. Unaimba kwaya, unalima Mwatate, unapanda Mbololo, nayo inakula figo na mishipa kimya kimya. Asubuhi moja mkono hauinuki.

Nikikuombea, naomba kwa imani yote. Ukisema umepona, nitasema haleluya, kisha nenda hospitali ya Moi ukapimwe. Ikikaa chini ya 140 kwa 90, daktari ndiye atakayeamua kupunguza dawa, si mimi. Na ukitaka sindano juu ya vidonge, mwambie kwanza, hasa kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda.

Wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine za presha mwaka 2023. Jumapili mmoja wao atakaa nje ya kanisa baada ya ibada ya pili. Wazee wa kanisa mtangulie, na mashati ya mikono mifupi tafadhali.