Usikope ili uende Diani na marafiki wa ng'ambo

Kama una marafiki kutoka ng'ambo wanaosomea hapa Kenya, unaijua ile meseji ya Jumatano: "Wikendi twende Diani!" Wao wanahesabu kwa euro. Wewe uko Kibwezi, simu ina Sh300, na tayari unafikiria Fuliza.

Ngoja kwanza. Mimi chuo niliacha, marafiki wa huko nikabaki nao, na msimamo wangu ni huu: taja bajeti yako kabla ya safari, si bili ikishafika mezani.

Tena usijione mgeni, Pwani ni yako pia. Treni ya Madaraka ya asubuhi husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Wewe wa Kitui unashuka na barabara ya Mutomo hadi Kibwezi. Ukifika Mombasa, feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, kisha unapanda matatu hadi Ukunda. Kama Diani ni mbali, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi hauna kiingilio. Beba kitambulisho, maana Fort Jesus Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni.

Na akitokea rafiki wa kukucheka kwa kusema "mimi nina Sh3,000 tu", heri umjue ukiwa bado nyumbani. Bahari haihami. Deni ulilokopa ili kumridhisha utalilipa peke yako, na yeye keshapanda ndege kurudi kwao.