Ini la Mgonjwa wa Oltepesi

Mwanafunzi wa Oltepesi, huko Kajiado, hahitaji kuambiwa kwamba ini ni laini. Amekwisha kuliona mbuzi anapochinjwa: zito, lenye utelezi, likibonyea chini ya kidole na kurudia umbo lake polepole. Asichofundishwa, na hapa ndipo penye lawama yetu, ni kwamba kubonyea huko ni hesabu, na kwamba hesabu hiyo yaweza kuokoa maisha ya mtu.

Tuchukue ugonjwa wanaoujua wafugaji. Mayai ya tegu wa mbwa hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza, huota ndani yake, mara nyingi katika ini, kifuko kilichojaa maji. Ugonjwa huu ulikithiri Turkana hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuupiga vita katika miaka ya 1980, na Umaasaini nako haukosekani. Kifuko hicho kikipasuka wakati wa upasuaji, maji yake yaweza kueneza mbegu za ugonjwa tumboni, au kumtia mgonjwa katika mshtuko wa kufisha. Daktari hana budi kujua kilipo barabara.

Atajuaje? Picha ya CT huchukuliwa mgonjwa akiwa ametulia, amezuia pumzi. Mezani pa upasuaji anapumua, na ini hupanda na kushuka kwa sentimita 1 hadi 2. Likishikwa na kugeuzwa, picha ya jana haisemi kweli tena. Ndipo wataalamu walipobuni njia ya kuligawa ini la mgonjwa mwenyewe, kama lionekanavyo pichani, katika maelfu ya vipande vidogo ndani ya kompyuta, na kukokotoa jinsi kila kipande kinavyomsukuma jirani yake.

Msingi wake ni kanuni ya Robert Hooke, ile ambayo wanafunzi huipima kwa kutundika mizigo kwenye springi. Lakini ini si springi. Kadiri livutwavyo ndivyo lizidivyo kukaza, na ini lenye makovu ni gumu kuliko lililo zima. Kwa hiyo hapana ini moja liwezalo kuwawakilisha wanadamu wote. Wa Oltepesi ana lake.

Elimu hii haiko mbali kama tudhanivyo. Taasisi ya INRIA ya Ufaransa hutoa bure programu ya kazi hii, iitwayo SOFA. Chuo cha upasuaji cha IRCAD, kilichoanzishwa Strasbourg mwaka 1994, kilifungua tawi lake Kigali mwaka 2023. Ikiwa jirani zetu wa Rwanda wameupokea ujuzi huo, sisi tunangoja nini?

Wako watakaosema kwamba Kajiado yahitaji kwanza dawa za minyoo ya mbwa na magari ya wagonjwa. Hatuwapingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mbwa wapewe dawa, wala wasitupiwe maini na mapafu yenye vifuko. Lakini yule ambaye kifuko kimekwisha kuota ndani yake hataponywa kwa dawa apewayo mbwa leo. Naye mwanafunzi anayeambiwa kwamba mambo haya si ya watu wa kwao amenyang'anywa haki yake.

Basi yafaa walimu wa fizikia, biolojia na hisabati waketi pamoja. Kipande cha ini la mbuzi, rula na mizigo ya gramu vyatosha kwa somo moja. Wanafunzi waweke mzigo juu ya kipande hicho, wapime kilivyobonyea, waongeze mzigo, kisha wachore grafu. Wataona mstari ukipinda. Mwalimu awaulize kwa nini, wala asiharakishe kuwajibu.

Huenda miongoni mwao yuko atakayelishughulikia swali hilo miaka kumi, na siku moja akamwongoza daktari aliyeinama juu ya mgonjwa kutoka kijiji chake.