PIRITON SI PIPI, MSHIKAJI!

Leo mapenzi tunayaweka kando kidogo, tuongelee pua.

Sisi wa Ibadakuli kiangazi tunakijua, bwana. Mvua zikikata, lori moja likipita njia ya vumbi mtaa mzima ni chafya. Macho mekundu, pua bomba, ngozi inawasha. Ukiuliza, utaambiwa "mafua tu haya." Mafua gani ya miezi mitatu? Mara nyingi hiyo ni aleji. Mwili umeona vumbi ukadhani adui, ukamwaga kitu kinaitwa histamini. Hicho ndicho kinachokuwasha na kukutoa makamasi.

Basi watu mbio dukani: "Nipe Piriton za mia mbili!" Kidonge kile kidogo cha njano kweli kinaizuia histamini, na chafya zinapungua. Tatizo ni kwamba hakiishii puani. Kinapanda mpaka kwenye ubongo, na huko kinaleta usingizi mzito.

Kuna jamaa yangu wa bodaboda, pombe hagusi kabisa. Asubuhi moja alimeza viwili kwa mpigo, eti kimoja hakimtoshi, akapakia mama wa watu. Kufumba na kufumbua wako mtaroni. Yeye mikwaruzo, yule mama mkono umevunjika. Trafiki akamnusa mdomo weee, hakuna kitu. Kumbe mchawi yuko mfukoni, kwenye kibahasha cha dawa!

Kwa hiyo masela wa bodaboda, wa malori, na nyie mnaoshinda kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, sikilizeni. Ukishameza Piriton, funguo weka chini. Ukiteremshia na bia, usingizi unazidi maradufu. Kama lazima ufanye kazi, muulize mwenye duka la dawa habari za loratadini au setirizini. Hizo mtu mzima humeza kimoja tu kwa siku, na usingizi wake ni mdogo. Ila setirizini nayo huwalaza baadhi ya watu, kwa hiyo ijaribu kwanza siku ambayo huna safari.

Dada zangu, na nyie mnaompa mtoto Piriton alale ili muangalie tamthilia kwa raha, acheni mara moja. Dozi ikizidi, mtoto anaweza asiamke.

Na kuna siku kidonge chochote hakifai. Mtu ameumwa na nyuki au amekula kitu, midomo inavimba na pumzi inabana: huyo usimtafutie kidonge, tafuta usafiri. Anahitaji sindano ya adrenalini hospitali, na dakika zinahesabika. Mwenye pumu naye kifua kikibana atumie dawa yake ya kuvuta, Piriton haimfungulii kifua.

Haya, mwagieni maji uani, fungeni vitambaa puani. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu yale. Wasalaam!