Ukurasa Uliochakazwa: Kovu au Pambo?

Shajara ni utungo ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili amekutana nao tangu shule ya upili. Hufundishwa kwamba ina tarehe, matukio ya siku na hisia za mwenye kuandika. Hata hivyo, ipo shajara ya aina nyingine ambayo haijapewa nafasi katika madarasa ya fasihi. Katika shajara hiyo, maneno hukaa pamoja na picha, vipande vya gazeti, risiti, vitambaa, rangi na mihuri, na ukurasa wenyewe huchakazwa kwa makusudi hadi ufanane na kitu kilichookotwa jalalani. Tunaweza kuuita ukurasa mseto. Swali linaloibuka ni hili: je, uchakavu huo ni sehemu ya maana ya ukurasa au ni pambo tu? Makala haya yanashikilia kuwa ukurasa mseto unastahili kuhesabiwa katika fasihi, mradi kila doa na kila mpasuko uwe na sababu yake. Mji mdogo wa Chepilat unatufunza kwa nini sharti hilo ni zito.

Yafaa kwanza ifahamike jinsi ukurasa huo unavyotengenezwa. Karatasi nene hulowekwa katika chai ya rangi iliyokolezwa, ile ambayo wengi nchini Kenya huiita strungi. Tanini iliyomo katika majani chai huipa karatasi rangi ya kahawia, nayo huonekana kana kwamba imekaa miaka mingi. Chai ya maziwa haifai, kwani mafuta yake huacha harufu na kualika kuvu. Karatasi ikishakauka, vipande vya magazeti hubandikwa kwa gundi au kwa uji mzito wa unga wa ngano. Juu yake hupakwa rangi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, na kabla haijakauka kabisa hufutwa kwa kitambaa ili maandishi ya chini yachungulie. Kisha hupitishwa msasa, kingo zikachanwa kwa mkono, na wino ukadondoshwa hapa na pale. Maneno ya mwandishi huja mwisho, yakapita juu ya tabaka hizo zote. Baadhi ya watu huongeza hatua moja zaidi: huunguza kingo za karatasi kwa mshumaa.

Sanaa hii si ngeni Afrika Mashariki. Dan Eldon alizaliwa London mwaka 1970 na kulelewa Nairobi. Aliacha shajara 17 zilizojaa picha, rangi, vipande vya magazeti na vitu alivyookota safarini. Alipokuwa mpigapicha wa shirika la habari la Reuters, aliuawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993 akiwa na umri wa miaka 22. Siku hiyo waliuawa pia wanahabari wenzake watatu: Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Kurasa za Eldon zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1997, na vijana wengi duniani wakaziiga. Jambo ambalo waigaji wengi hawakulitilia maanani ni kwamba kurasa zile zilichakaa kwa sababu zilitumika. Zilisafiri, zikashikwa na mikono yenye vumbi, zikaongezwa jambo kila kukicha. Uchakavu wake ulikuwa ushahidi wa maisha kabla haujawa mtindo.

Huenda wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya idara ya sanaa na wala si ya idara ya Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wasomaji wengi walitatizika kwa kuwa masimulizi yalikuwa yamevunjwavunjwa. Kyallo Wadi Wamitila naye katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002 alikusanya hadithi, visasili na sauti kutoka pembe nyingi za dunia. Wahakiki wa Kiswahili wamezizoea sasa istilahi kama vile mwingilianomatini na uvunjaji wa msuko. Ikiwa riwaya inaruhusiwa kujengwa kwa vipande vya matini nyingine, ni kwa mantiki gani shajara inanyimwa ruhusa hiyo pindi vipande vinapobandikwa kwa gundi? Kanga nayo imefundisha kwa muda mrefu kwamba maandishi na picha vinaweza kukaa pahali pamoja na kusomwa kwa pamoja.

Isitoshe, fasihi ya Kiswahili ina uzoefu wake wa karatasi chakavu. Miswada ya tenzi na mashairi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu katika pwani ilipitia unyevu, mchwa na mikono mingi. Mingine imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mingine ipo London. Mhariri anapofikia mahali ambapo mdudu amekula neno, haruhusiwi kulibuni kimyakimya. Huacha pengo, au akijaza hueleza kwamba amejaza. Tundu lile ni habari. Linatuambia kwamba hapa palikuwa na neno na sasa halipo. Mtu akitoboa karatasi mpya kwa sindano ili ifanane na mswada huo, anadai hasara ambayo haikutokea.

Hapa ndipo Chepilat inapoingia. Chepilat ni soko lililo katika barabara itokayo Sotik kuelekea Kisii, katika mpaka ambao leo unazitenga kaunti za Bomet na Nyamira. Upande mmoja ni Sotik ya Wakipsigis; upande wa pili ni Borabu, ambako Wakisii wengi walipewa mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu. Chai hukua pande zote mbili, na lugha ambayo jamii hizo mbili huuziana na kununuliana kwayo ni Kiswahili. Mwanafunzi anayetoka huko hana haja ya kutafuta vifaa mbali. Majani chai yapo jikoni. Risiti za uzani wa majani mabichi zipo chini ya godoro la mzazi. Magazeti ya zamani yamefungiwa sukari au yamebandikwa ukutani.

Moto nao upo katika kumbukumbu. Mpaka huo ulishuhudia mapigano ya kikabila katika miaka ya 1990. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mapigano yalizuka upya mwanzoni mwa mwaka 2008. Nyumba na maduka yalichomwa, na watu wakakimbia kila mmoja upande wa jamii yake. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliofariki kote nchini katika ghasia hizo. Katika mahali kama hapo, karatasi iliyoungua ukingoni haiwezi kuwa urembo. Huenda ni cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba au daftari la mtoto. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwanafunzi anayewasha mshumaa bwenini ili karatasi yake ipendeze anaazima kovu la mtu mwingine bila kumwomba ruhusa.

Itadaiwa kwamba sanaa yote ni mwigo, na kwamba mwigizaji halazimiki kufa ili aigize kifo. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna anayetaka ukurasa wa shajara uwe ushahidi wa mahakamani. Lakini hadhira ya tamthilia inajua kwamba inatazama mwigo, ilhali msomaji wa shajara anaamini kwamba anasoma maisha ya mtu. Mkataba baina ya mwandishi na msomaji ni tofauti. Doa la chai lililotiwa jana linaweza kuvumiliwa, kwa sababu chai ni maisha ya kila siku ya mahali hapo na halimdanganyi mtu kuhusu jambo kubwa. Ukingo uliounguzwa unadai mengi zaidi.

Je, mwandishi wa Chepilat anyamaze kuhusu moto? La hasha. Zipo njia za kuutaja bila kuufanya pambo. Nyumba ya mabati inapoteketea, miongoni mwa vitu vinavyosalia majivuni ni misumari ya paa. Msumari wenye kutu ukilazwa juu ya karatasi iliyolowa chai, kutu na tanini hukutana na kuacha alama nyeusi yenye umbo la msumari wenyewe. Alama hiyo imeachwa na kitu halisi, kwa kukaa muda mrefu mahali pamoja. Kando yake mwandishi anaweza kuandika kwa Kiswahili sanifu, bila madoido, msumari umetoka wapi na nani aliuokota. Kama haujulikani ulikotoka, aandike hivyo hivyo. Aidha, kuandika kwa Kiswahili kutawawezesha wasomaji wa pande zote mbili za barabara kuusoma ukurasa huo bila kuhitaji mkalimani.

Yafaa basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae maonyesho ya kurasa mseto, na wahadhiri wazipokee kama kazi za fasihi zinazoweza kuhakikiwa. Uhakiki wenyewe hauhitaji nadharia mpya. Mhakiki aguse doa na kuuliza limetoka wapi. Mwandishi akiweza kujibu, ukurasa wake una kovu. Akikosa jibu, ana pambo tu, na mshumaa wake angeutumia kusomea.