Kabla ya Kununua Doki, Kagua Tundu

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alibisha hodi akiwa na kiboksi kwapani na uso wa mtu aliyefiwa. "Mjomba, nimepunjwa," akasema hata kabla ya kuketi.

Msichana huyu anasomea uhasibu mwaka wa pili, na jioni huwaandikia wenye maduka mtaani vitabu vyao vya hesabu ili asitegemee wazazi kwa kila senti. Kazi hiyo hutaka risiti ziwe upande huu na jedwali upande ule, na kwa skrini moja ndogo mtu hufungua na kufunga kurasa hadi macho yakawaka. Basi alijinunulia skrini mbili kuukuu, kisha akashuka mjini na shilingi elfu tisa za karo kutafuta doki, yaani kile kidude kinachochomekwa kwenye kipakatalishi kwa waya mmoja, halafu skrini, kipanya na chaja vikaungwa hapo.

Alipofika nyumbani, kipanya kilifanya kazi na flashi ikasomeka. Skrini zote mbili, giza totoro. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kuwa doki ni nzima. Na kwa kweli, msomaji, hakudanganya.

Hapa ndipo wengi hutumbukia. Tundu la USB-C, lile jembamba ambalo waya wake huingia upande wowote, ni umbo tu. Umbo halikuambii kinachopita ndani. Kuna matundu yanayopitisha data na chaji pekee, na kuna yanayopitisha picha pia. Doki nyingi hazitengenezi picha. Huipokea kutoka kwa kipakatalishi na kuigawa. Mfereji ukiwa mkavu, koki mbili zitakufaa nini?

Kwa hivyo tazama kwanza kando ya tundu. Ukiona herufi D na P zilizoshikana, hiyo ni DisplayPort, picha inapita. Ukiona radi yenye ncha ya mshale, hiyo ni Thunderbolt, na Thunderbolt 4 iliyotangazwa mwaka 2020 inalazimika kumudu skrini mbili za 4K. Pasipo alama usikisie: soma namba ya modeli chini ya mashine, kisha tafuta maelezo ya mtengenezaji. Hata mashine ghali zina mipaka. MacBook Air za M1 (2020) na M2 (2022) hukubali skrini moja tu ya nje kwa njia ya kawaida.

Ipo doki ya aina nyingine, ya DisplayLink. Hii hutaka programu yake iwekwe kwenye kipakatalishi, nayo huibana picha na kuisafirisha kama data, hivyo hata tundu la USB la zamani hutosha. Ila huichosha mashine, na filamu zenye ulinzi wa hakimiliki huenda zikakataa kuonekana. Kwa hesabu za duka haina neno. Kwa michezo ya video, mimi singeinunua.

Chunguza pia wati. Ikiwa chaja yako ni ya wati 65 na doki inatoa 45, betri inaweza kupungua huku unafanya kazi, nawe utadhani imekufa.

Nilipokigeuza kipakatalishi cha mpwa wangu, ubavuni niliona tundu la HDMI, safi, halijaguswa. Nikachomoa waya wa televisheni yetu na kuliunganisha na skrini yake moja. Ikawaka papo hapo.

"Ulitaka mbili za nini?" nikamwuliza.

"Mjomba, nimeona wenzangu wanazo."

Jumatatu tulirudi dukani, safari hii na kipakatalishi chenyewe, jambo ambalo angelifanya siku ya kwanza ili doki ijaribiwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Muuzaji alikataa kuirudisha. Skrini ya pili imenunuliwa na mwanafunzi mwenzake, na waya wa HDMI tumemtafutia. Elfu tisa za karo bado zinadaiwa, na doki iko sebuleni kwangu ndani ya kiboksi chake. Jirani mwenye tundu lenye D na P na aje na kipakatalishi chake. Tutajaribu kwanza, ndipo alipe.