Tulisome Tairi Kabla ya Kuiinua Pikapu

Kuna mtindo ulioenea nchini ambao, kwa maoni yangu, unafaa kutazamwa upya na kila anayejali usalama wa abiria na fedha za umma, hasa shuleni. Pikapu ikishanunuliwa, hata kabla haijaonja matope, mwenyewe huwahi kuipachika rimu pana zinazomeremeta, matairi makubwa yenye meno ya kutisha, na springi za kuiinua juu mithili ya gari la mashindano. Watazamaji hustaajabu. Lakini wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisemi kwamba gari lisiboreshwe. Nchi yetu si lami tupu. Anayetoka Marsabit kuelekea North Horr hukutana na mawe makali ya volkeno, kisha mchanga na chumvi ya jangwa la Chalbi. Anayepita Mwea wakati wa masika huujua udongo mweusi unaonata kama gundi. Shule za sehemu hizo hutegemea pikapu kubebea chakula, vitabu, maji na, mara nyingine, mgonjwa usiku wa manane. Kwa hiyo swali si kama gari litengenezwe au lisitengenezwe. Swali ni: litengenezwe kwa ajili ya barabara na mzigo, au kwa ajili ya macho ya watu?

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu ana lipi la kusema juu ya magurudumu. Jibu langu ni kwamba ubavuni mwa kila tairi pana maandishi, na penye maandishi mtu wa lugha ana haki ya kuingia. Maandishi hayo yana sarufi yake, na asiyeijua hununua gunia bila kujua lina nini ndani.

Tuchukue mfano wa 245/70R16 111S. Tarakimu 245 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 171.5. Herufi R hueleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 111 si kilo 111, bali ni alama ya jedwali yenye maana kwamba tairi hilo moja huhimili kilo 1,090. S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa. Kando yake, ndani ya duara refu, mna tarakimu nne za kuzaliwa kwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazima na bado likawa limezeeka, mpira wake umekauka na kupasukapasuka. Anayetazama meno peke yake ataliita jipya.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tairi hilo lina kipenyo cha milimita 749 hivi. Tuseme mwenye gari anavutiwa na tairi la 285/75R16, ambalo kipenyo chake ni milimita 834 hivi. Ameongeza asilimia 11. Gari limeinuka milimita 42 tu, kwa kuwa ni nusu ya nyongeza hiyo inayoingia chini ya ekseli. Lakini mshale wa mwendo, usiporekebishwa, utamdanganya: ukionyesha 80, gari linakwenda 89. Injini itahangaika kulizungusha gurudumu zito, mafuta yatakwenda kasi, na breki zitakuwa na kazi kubwa zaidi. Isitoshe, tairi litaanza kusugua bodi kila linapokatwa kona. Ndipo mwenyewe atakapoambiwa anunue springi za kuinua, na rimu zinazosukuma magurudumu nje, ambazo nazo huzitwika beringi mzigo ambao hazikukusudiwa. Tamaa moja imezaa gharama nne.

Katika springi ndimo mlimo na hatari kubwa zaidi, kwa sababu ndimo mlimo na uongo mkubwa zaidi. Wengi huamini kwamba ukiongeza vyuma katika springi za nyuma, gari lililobeba tani moja sasa litabeba mbili. Sivyo. Springi nzito hulizuia gari lisikae kitako, lakini haiongezi nguvu ya ekseli, ya breki, ya fremu wala ya tairi. Hulificha kosa tu. Gari lililozidishiwa mzigo husimama wima kama lisilo na neno, na dereva hukosa onyo la pekee alilokuwa nalo. Kisha likiwa tupu, springi hizo ngumu hulirusha juu ya kila kikunyanzi cha barabara ya vumbi, na tairi lililo hewani haliwezi kushika njia wala kufunga breki. Na gari lolote lililoinuliwa, uzito wake umepanda juu. Hivyo kupinduka konani ni rahisi zaidi. Tukumbuke ni nani aghalabu huketi nyuma ya pikapu hizo.

Ushauri wangu ni kwamba tuanze na mzigo. Upimwe, usikisiwe, kisha yachaguliwe matairi ambayo namba yake yatosha kuuhimili na ambayo tarehe yake si ya zamani. Gari linalokwenda lami siku nne na vumbi siku moja halihitaji matairi ya matope, ambayo hupiga kelele, huisha upesi na hayashiki vyema lami iliyolowa. Matairi ya njia zote yatalitosha. Baadaye zitazamwe shokomzoba, ambazo kazi yake ni kutuliza mrusho wa springi. Zilizochoka zibadilishwe kabla ya kufikiria kuinua chochote. Rimu za mapambo ziwe za mwisho, ikiwa zitakuwepo.

Na tusisahau kitu cha bei ndogo kuliko vyote: upepo. Dereva akipunguza upepo kutoka pauni 35 hadi 18 hivi, tairi hutanuka na kupita juu ya mchanga ambamo lingezama. Lakini ni lazima aujaze tena kabla ya kukimbia, maana tairi lenye upepo kidogo hupata joto na kupasuka. Kipimo cha upepo na pampu vitalikwamua gari mara nyingi kuliko seti nzima ya rimu mpya.

Nawageukia walimu. Nimewasikia baadhi yenu mkilicheka neno shokomzoba kana kwamba ni Kiswahili cha vichochoroni. Mimi nalistahi. Mafundi walilichukua neno geni, wakalipa irabu, wakalifanya lituhudumie. Kosa si lao. Kosa ni letu, tuliowaachia peke yao msamiati huu, hata kamati ya shule ikikutana kununua matairi, mwenyekiti, dereva na fundi hawana maneno ya pamoja ya kuulizana maswali. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unatutaka tufundishe stadi za maisha. Basi mpelekeni mwanafunzi kando ya gari la shule. Akokotoe asilimia, asome tarehe, aandike ripoti kwa Kiswahili sanifu: tairi hili lina umri gani, labeba kilo ngapi, na je, lafaa?

Mwanafunzi wa namna hiyo, akija kuwa mjumbe wa kamati ya ununuzi, hatahadaika kwa meno wala kwa mng'aro. Atauliza mzigo ni kilo ngapi, na atataka jibu.