Taa ya Kudumu Inataka Waya wa Kudumu: Tuache Kuning'iniza Taa kwa Plagi

Ndugu wakulima na wafugaji wa Endasak na vijiji jirani, leo naweka pembeni chanjo ya kideri na viwavijeshi. Nataka tubishane kidogo kuhusu taa.

Nyumba nyingi zilizoingiziwa umeme miaka ya karibuni zina mtindo mmoja. Ukutani kuna soketi moja. Kwenye soketi kuna plagi, na kwenye plagi kuna waya mwembamba uliopandishwa kwa misumari iliyokunjwa. Waya huo umepita juu ya boriti, umegusa bati, umeshuka chumba cha pili, na mwisho wake kuna holda na balbu. Muulize mwenye nyumba, atakujibu: "Hii ni ya muda tu, afisa." Muda wenyewe una miaka minne.

Msimamo wangu ni huu: taa inayokaa mahali pamoja mwaka mzima ifungwe darini, iwe na waya wake uliotoka kwenye breka ya taa, na iwe na swichi ukutani. Ekstensheni ni ya kuazima umeme kwa saa chache. Haikutengenezwa iwe sehemu ya nyumba.

Kama unajiuliza afisa ugani anatafuta nini kwenye nyaya, angalia waya huo unapita wapi. Unapita stoo ya mahindi na mbaazi, au juu ya banda la vifaranga lenye maranda makavu. Palipo na mahindi pana panya, na panya hachagui kati ya gunia na waya.

"Lakini balbu ya LED inakula umeme kidogo"

Hoja hii naisikia kila mara, na nusu yake ni kweli. Balbu ya LED ya wati 9 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta ampia 0.04 tu. Balbu hiyo peke yake haiwezi kuunguza waya.

Tatizo linaanza siku kuna hitilafu. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi nyingi za pini tatu ni ya ampia 13. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Sasa ule waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 unafaa kubeba ampia 3 hivi. Panya akila ganda, nyaya zikagusana kikamilifu, fyuzi inaweza kukatika. Zikigusana nusunusu, waya unaweza kubeba ampia 8 au 10 ukapata moto, huku fyuzi ya 13 ikiona mambo ni shwari. Vivyo hivyo mtu akichomeka pasi kwenye waya uleule, kwa sababu pasi ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampia 4. Na yule aliyezungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya sigara ameondoa ulinzi wote.

Kuna na bati. Waya wa laivu ukichubuka na kugusa bati, paa zima linaweza kuwa na umeme. Mtoto anayeshika bomba la maji ya mvua lililoungana na bati hilo hajui kama taa ni ya LED au la.

Kukata plagi peke yake si kufunga taa

Wapo wanaojiita mafundi ambao ukiwaambia unataka taa ya darini, wanakata plagi, wanapitisha waya uleule mwembamba juu ya dari, wanausokota na waya wa soketi na kufunga tepu. Kwa macho taa imependeza. Kwa kweli hali imekuwa mbaya zaidi, maana hata ile fyuzi ya plagi imeondoka, na kiungo kimefichwa mahali ambapo hakuna atakayekiona kikiungua.

Kazi iliyofanywa sawasawa ina mambo haya. Yashike, umuulize fundi moja baada ya jingine:

1. Umeme umezimwa kwenye meni swichi, na fundi amepima kwa tesita kabla ya kugusa waya.
2. Waya umetoka kwenye breka ya taa, ya ampia 5 au 6, si ile inayolinda soketi.
3. Kebo ni mpya, ya milimita za mraba 1.5, yenye laivu, nyutro na ethi, na imepita ndani ya bomba la plastiki la wayaringi ambapo panya hawafiki kirahisi.
4. Swichi imekata laivu. Ikikata nyutro, taa itazimika lakini holda itabaki na umeme, na anayebadilisha balbu atapigwa akiamini amezima.
5. Kila kiungo kiko ndani ya boksi lenye kifuniko na kimebanwa kwa konekta ya skruu. Tepu peke yake haitoshi.
6. Taa yenye mwili wa chuma imeungwa na ethi, na ethi hiyo inafika kwenye nondo iliyozikwa ardhini nje ya nyumba.
7. Taa imebebwa na boriti au ubao. Haining'inii kwa waya wake.

Ukiweza, ongeza kifaa kinachokata umeme unaovuja, cha miliampia 30. Breka ya kawaida inalinda waya. Kifaa hiki kinamlinda mtu.

Taa ya vifaranga

Hapa natofautisha. Taa ya joto inapandishwa na kushushwa kadiri vifaranga wanavyokua, kwa hiyo kuwa na plagi ni sawa. Kisicho sawa ni ekstensheni inayotoka dirishani, inakatisha uani, inakanyagwa na ng'ombe na kulowa mvua. Banda liwe na soketi yake, kwa kebo ya kufukiwa ardhini au iliyopitishwa juu kwa usalama.

Taa yenyewe ya wati 250 ina joto la kuyeyusha holda ya plastiki. Tumia holda ya kaure, itundike kwa mnyororo, na iwe na wavu chini ili hata ikianguka isilale juu ya maranda. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu ndiyo inayotufanya tuache taa hizi zikiwaka usiku kucha tukiwa tumelala. Moto wa banda hauanzi saa sita mchana.

"Hela ya wayaringi iko wapi?"

Hii ndiyo hoja nzito, na siwezi kuipuuza. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, na watu wengi wameweza. Wayaringi ya nyumba nzima inazidi hapo. Ndiyo sababu kuna UMETA, yaani Umeme Tayari, kile kifaa kinachomwezesha mwenye nyumba ndogo kupata umeme bila wayaringi. Ni msaada mzuri kwa chumba kimoja au viwili. Haukukusudiwa kulisha vyumba vitano, stoo na banda kwa nyaya zinazotambaa.

Wala usisubiri TANESCO waje kurekebisha. Baada ya mita, nyaya ni zako. Wanaotoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme ni EWURA. Fundi mwambie akuonyeshe leseni, kama unavyomtaka muuza dawa ya mifugo akuonyeshe tarehe ya mwisho wa matumizi. Kijana mwenye bisibisi na ujasiri hajawa fundi.

Kuhusu hela, usifunge nyumba nzima kwa mara moja. Anza na stoo au chumba wanacholala watoto. Mita kadhaa za kebo, bomba, boksi, holda, swichi na nusu siku ya fundi. Nenda kaulize bei Katesh, kisha linganisha na magunia yaliyomo stoo. Tunanunua dawa ya kuhifadhi mahindi ili dumuzi asile, halafu juu ya mahindi hayohayo tunaacha waya uliochubuka. Hesabu hiyo haiingii akilini.

Mavuno haya, kabla ya kuongeza vifaranga wengine, toa fungu la taa moja. Na leo jioni, kabla hujalala, pita na tochi ufuate ule waya wa "muda tu" kuanzia kwenye plagi mpaka kwenye balbu. Ukikuta umechubuka au una moto mkononi, zima, chomoa, usiurudishe. Mwenye swali kuhusu banda aje ofisi ya kata. La nyaya tutampeleka kwa fundi mwenye leseni.